Kengele ya Baba ya 1985 sasa inafika hadi kwenye simu: miezi saba nikiwa nayo

Mimi ni muuguzi. Wiki ninayoingia usiku, mchana ndio usiku wangu, na adui yangu mkubwa ni kengele ya getini. Nyumba yetu iko Moshi, upande wa Rau. Aliijenga Baba alipokuwa karani wa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, na kengele yenyewe aliinunua Mombasa mwaka 1985, mpaka wa Kenya pale Holili ukiwa haujamaliza miaka miwili tangu ufunguliwe tena. Ni ile ya ding-dong: boksi la plastiki lililokuwa jeupe likageuka rangi ya chai ya maziwa, limefungwa ukumbini juu ya mlango wa jikoni, na kutoka hapo waya mbili zinakwenda mpaka getini, mita kama 25. Narudi kazini saa mbili asubuhi, naoga, nalala. Saa nne, usingizi ndio kwanza umenikolea, anapita muuza mayai. Ding-dong. Anafuata wa maziwa. Halafu watoto wa shule, hao wanabonyeza na kukimbia.

Upande wa pili yuko Mama. Ana miaka 82, masikio yamechoka, na asubuhi zake anazimalizia jiko la nje, ambako hasikii kengele wala hodi. Yaani kengele inamwamsha asiyetakiwa kuamka, na anayetakiwa kuisikia haimfikii.

Dawa ya haraka ilikuwa kuing'oa. Nilimgusia Mama siku moja. Aliniangalia, akainamia ungo wake, akaendelea kuchambua maharage. Nikaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Kabla sijafika kwenye kifaa ninachokisifia, nieleze njia mbili zilizoshindikana, maana nadhani kuna watu wengi wamekwama hapohapo.

Ya kwanza ni zawadi. Desemba, kama mjuavyo, Mchagga popote alipo anarudi nyumbani, na kaka yangu anayeishi Marekani alishuka na kengele ya kamera. Nzuri kwa macho, nyeusi, inang'aa. Kwenye karatasi yake imeandikwa inataka umeme wa AC wa volti 16 hadi 24. Kule Marekani transfoma za kengele za majumbani kwa kawaida hutoa volti 16, kwa hiyo kwao hakuna shida. Ya Baba ni ya Kiingereza: ina matundu ya volti 4, 8 na 12, na yeye aliifunga kwenye 8. Tulipoihamishia kwenye 12, kamera ikawaka taa ya bluu, tukapiga makofi. Mtu akabonyeza, ikazima. Ikawaka tena, ikazima tena. Kaka akasema si tatizo, atatuma na transfoma yake. Tulimshukuru tukamkataza: transfoma ya kule imetengenezwa kwa umeme wa volti 120, wetu ni 230. Ingetoa moshi kabla hatujashuka kwenye ngazi.

Ya pili inatisha kidogo. Alikuja fundi umeme na kile kiswichi kidogo cha Wi-Fi kinachofichwa ndani ya swichi ya ukutani, kinachokula moja kwa moja umeme wa Tanesco. Akataka kuchukua waya mbili za getini azifunge kwenye tundu lake la swichi. Mwanangu, yuko kidato cha tano na anasoma kila karatasi inayoingia nyumbani, akamwonyesha mstari mmoja: tundu hilo halijatenganishwa na umeme mkubwa. Maana yake waya za kitufe nazo zinabeba volti 230. Kitufe chetu kiko nje, kinanyeshewa masika yote, na kinabonyezwa na vidole vya watoto vilivyolowa. Fundi akasema yeye amefunga hivyo sehemu nyingi na hakuna aliyelalamika. Nikamwambia, "Kaka, tumekuita kwa kengele, si kwa mazishi." Nikampa nauli, tukaagana vizuri.

Kilichofanya kazi ni bodi ndogo yenye chipu ya ESP8266, ile wanafunzi wa elektroniki wanayochezea. Niliikuta mjini kwenye duka la vipuri vya redio, Sh 18,000. Upana wake ni vidole viwili, inashika Wi-Fi, inakula volti 5 za chaja ya simu ya kawaida. Rilei moja ya kuiambatanisha, yaani swichi inayojifunga na kujifungua kwa amri ya umeme, Sh 5,000. Rezista, konekta na vipande vya waya, Sh 4,000. Fundi redio wa kuifunga alinitoza Sh 30,000, na huyu ndiye fundi. Alipofika alimsalimia Mama kwanza, "Shikamoo bibi," akaitikiwa marahaba, akaomba kuisikia kengele mara tatu kabla hajagusa kitu.

Alipofungua boksi nilimshikia tochi. Mimi nimeisikia kengele hii maisha yangu yote na sikuwahi kujua ndani kuna nini. Kuna koili ya waya mwembamba, katikati yake kijiti cha chuma kilichokaa juu ya springi, na huku na huku vibao viwili vya chuma, kimoja kirefu kimoja kifupi. Ukibonyeza, koili inakuwa sumaku, inavuta kijiti, kinagonga kibao cha kwanza: ding. Ukiachia, springi inakirudisha, kinagonga cha pili: dong. Basi. Miaka arobaini. Vumbi lilikuwa limejaa kiasi kwamba kijiti kilikuwa kinateleza kwa shida, akakipangusa kwa kitambaa kikavu na kunikataza kutia mafuta, kwa sababu mafuta hugandisha vumbi.

Getini hali ilikuwa nyingine. Ndani ya kitufe walikuwa wanaishi sisimizi, ukoo mzima na mayai yao, na shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Tulikwangua kwa msasa, tukafunga mpira mpya pembeni. Kitufe ni kilekile cha Baba.

Mpangilio wenyewe ni huu, kwa anayetaka kumwelekeza fundi wake. Waya za getini hazigusi tena transfoma. Zinaingia kwenye bodi, ambako zinapita volti 3.3 tu, umeme ambao hata ukiushika kwa mkono hutasikia kitu. Bodi ikiona kitufe kimebonyezwa inaiamuru rilei, na rilei ndiyo inayofunga na kufungua mzunguko wa zamani: transfoma, volti 8, kengele. Umeme wa bodi na umeme wa kengele havikutani popote. Kwa hiyo kengele ya Baba inaendelea kula umeme uleule iliouzoea, ila kidole kinachoibonyeza sasa ni rilei, na rilei unaweza kuiambia inyamaze.

Programu ndani ya bodi aliiweka mwanangu kwa kutumia ESPHome, ambayo ni ya bure. Mkuu wa nyumba yote ni Home Assistant, programu inayounganisha na kuamuru vifaa vya nyumbani, nayo ya bure, ilianzishwa mwaka 2013 na Paulus Schoutsen, na sisi tumeiweka kwenye laptopu iliyopasuka kioo ambayo hakuna aliyeitaka. Kitu kimoja cha kuangalia: bodi hii inaona Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 2.4 tu. Ruta yetu inarusha 2.4 na 5 kwa jina moja, na jioni ya kwanza iliisha tukigombana na ruta tu.

Sasa vituko.

Wiki ya kwanza kengele ililia saa nane usiku. Ding-dong. Mbwa kimya, getini hakuna mtu. Usiku uliofuata tena. Mama, ambaye sasa aliisikia vizuri kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya, akasema huyo ni Baba amekuja kuangalia wamemfanyia nini kengele yake. Mimi sikuwa na hoja ya kumpinga. Ni mwanangu aliyegundua kwamba inalia pampu ya maji inapowaka kujaza tanki. Waya wa pampu na waya za getini Baba alizipitisha kwenye paipu moja, na mota ikishtuka kuwaka inarusha kishindo cha umeme kwenye waya za jirani. Rezista iliyomo ndani ya chipu, ile inayoshikilia waya wa kitufe utulie, ni dhaifu, kishindo kidogo tu kinaisukuma, bodi inadhani mtu amebonyeza. Fundi akaongeza rezista ya nje ya kilo-om 1, na mwanangu akaandika kwamba mbonyezo wowote wa chini ya milisekunde 50 upuuzwe, kwa sababu hakuna kidole cha binadamu chenye haraka hiyo. Marehemu akatulia. Baadaye fundi alinishikilia mpaka nikakubali kuchimba na kupitisha waya za getini kwenye paipu lake, maana ganda la waya wa pampu likichunika mle ndani, tungekuwa tumerudi kwenye habari ya yule fundi wa kwanza. Nilikubali kwa shingo upande kwa sababu ya gharama, ila alikuwa sahihi.

Kituko cha pili sitakisahau. Mwanangu aliichukua ile laptopu siku mbili kwenda nayo kwa rafiki yake. Asubuhi ile nimelala. Saa tatu na robo: ding. Moja tu, dhaifu, bila dong. Saa tatu na nusu: ding. Saa nne kasorobo: ding. Nilikaa kitandani na saa mkononi kama ninayehesabu mapigo ya mgonjwa. Kila baada ya dakika 15, bila kukosea, kama saa ya kanisani. Mama alikuwa ameshaanza kuitumia: "Imelia mara mbili tangu niweke mtori jikoni, bado kidogo."

Chanzo ni viwili vilivyokutana. ESPHome kwa kawaida yake, ikikaa dakika 15 bila kuwasiliana na Home Assistant, inajiwasha upya ikidhani imekwama. Na fundi alikuwa ameifunga rilei kwenye mguu wa bodi ulioandikwa D4, ambao chipu ikiwaka hupepesa umeme kidogo, ndiyo maana hata kitaa chake cha bluu humeta. Kila kuwaka, rilei inatikisika, kijiti kinagusa kibao. Hii ina maana hata umeme ungekatika na kurudi, kengele ingelia, na Moshi umeme unakatika na kurudi. Dawa: rilei ikahamishwa mguu wa D1, na kile kipimo cha dakika 15 kikawekwa sifuri. Hakuna aliyekosea kwa makusudi, lakini haya yote mawili yako kwenye maelezo ya vifaa na mtu akisoma kabla atalala usingizi wake. Ndiyo maana naondoa nyota moja: hiki si kifaa cha kununua leo ukafunga leo ukasahau. Kinataka mtu nyumbani anayependa kusoma.

Jambo ambalo sikulitarajia kabisa aliliona Mama. Mwanzoni mwanangu aliiandika hivi: mtu akibonyeza, rilei ifunge kwa milisekunde 350 kisha iachie. Sauti ikawa safi kila mara, ding-dong, kama ya hotelini. Baada ya wiki mbili Mama akaniuliza, "Mbona siku hizi wageni wote wanabonyeza sawasawa?"

Sikumwelewa. Akanieleza kama anayemweleza mtoto. Muuza mayai anagusa haraka, dingdong, unasikia kama neno moja. Mwinjilisti anabonyeza na kushikilia, ding, unasubiri, halafu dong. Shangazi yangu wa Kibosho anabonyeza mara mbili kwa hasira. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa anabonyeza kifupi mara moja akirudi jioni, ingawa alikuwa na ufunguo, ili chai iwekwe. Na masikio yake hayohayo yaliyochoka, akiwa ukumbini alikuwa anajua aliyeko getini kabla hajanyanyuka. Bodi yetu ilikuwa imewafanya wote kuwa mtu mmoja.

Nilimwita mwanangu akasikia mwenyewe kwa bibi yake. Akabadilisha mistari mitatu tu: kidole kikibonyeza rilei ifunge, kidole kikiachia rilei iachie, na isizidi sekunde mbili hata mtu akishikilia, maana koili ikikaa na umeme muda mrefu inapata moto. Sasa mwinjilisti ni mwinjilisti tena. Ukinunua kifaa chochote cha namna hii, jaribu hilo kwanza, kwa sababu vingi vinakupa mlio mmoja uliotengenezwa tayari na mgeni hana namna ya kujitambulisha kwa kidole chake.

Matumizi ya kila siku, baada ya miezi saba. Kwenye simu yangu kuna kitufe tulichokiita "Muuguzi amelala". Nikikiwasha, kengele ya ukumbini inanyamaza kabisa, lakini mtu akibonyeza getini, kule jiko la nje taa inawaka na kuzima mara tatu. Ni taa ya Wi-Fi ya Sh 22,000, na mle jikoni kwa giza na moshi inaonekana hata saa sita mchana. Simu ya Mama ni kitochi, kwa hiyo ujumbe haumhusu. Ujumbe unakuja kwangu na kwa mwanangu, hata nikiwa wodini, mradi nyumbani kuna bando. Bando likiisha, kengele na taa vinaendelea kama kawaida kwa kuwa kila kitu kinazungumza ndani ya nyumba, na hili ndilo lililonifanya nisijutie kuikosa ile kamera.

Laptopu ikizimika pia kengele inalia, maana amri ya kulia na ya kunyamaza tumeziweka ndani ya bodi yenyewe. Kinachokufa ni taa ya Mama na ujumbe wa simu. Umeme ukikatika, kengele haitalia, na haikuwahi kulia umeme ukikatika tangu 1985, kwa sababu transfoma inataka Tanesco. Lakini ruta na bodi tumezipa kibetri kimoja, laptopu ina betri yake, kwa hiyo gizani bado napata ujumbe kwamba kuna mtu getini. Kwa usalama wa nyumba yenye wanawake wawili na mtoto wa shule, hilo kwangu lina uzito kuliko mlio.

Taa ilitusumbua wiki nzima kwa sababu nyingine. Mama anazima kila taa anayoiona inawaka bila sababu, luku inakwenda. Akizima swichi ya ukutani, taa ya Wi-Fi inakuwa balbu mfu, hata ukiipigia kelele kwenye simu. Tulieleza, akakubali, jioni akazima. Mwisho tumebandika tepu nyeusi juu ya swichi, na juu ya tepu mwanangu ameandika "BIBI TAFADHALI". Anaiheshimu siku nyingi.

Jumla ni Sh 79,000, ukiacha paipu na vibarua wa kuchimba. Kengele za betri zisizo na waya nimeziona mjini kwa bei ya chini ya nusu ya hiyo, na niliwahi kuwa nayo moja: betri yake ndogo ilikufa kimyakimya, wageni wakawa wanabonyeza wiki nzima sisi hatujui. Waya ukiwa tayari uko ukutani usiuache. Asiye na waya, hesabu yake ni nyingine, na kwake hii bodi sioni faida kubwa.

Kuna shida moja hatujaitatua. Kengele ikiwa imenyamazishwa, mtu wa getini hasikii kitu, na aliyezoea kusikia ding-dong ya mbali anadhani haijashika. Anabonyeza tena. Na tena. Siku moja niliamka nikakuta ujumbe 14 kwenye simu, wote wa muuza mayai. Mwanangu ameweka kikomo, ujumbe mmoja tu kila nusu dakika, na anataka kuweka kitaa kidogo getini kimwonyeshe mgeni kwamba ameonekana, lakini kitaa kinahitaji waya wa tatu na mimi paipu sichimbi tena mwaka huu. Muuza mayai amejitafutia dawa yake. Siku hizi kitufe hakigusi. Anaweka trei chini, anashika geti kwa mikono miwili, na saa nne kamili asubuhi anapiga hodi ambayo nadhani wanaisikia mpaka Kiboriloni.